Kibodi ya Mkono Uliolegea

"Kamwene," Yusta Kibiki alisalimu alipoingia ukumbini, na wachapaji mia tatu na arobaini wakamnyamazia.

Asiyeijua Iringa atasema salamu si kitu. Pale mjini hata mwizi aliyeshikwa huitikiwa kwanza, kipigo kinafuata baadaye. Kumnyima mtu kamwene yake, tena asubuhi, tena mbele za watu, ni kumwambia kwamba amekwisha kufa ila mazishi ndiyo yamechelewa. Yusta alilibana sanduku lake kwapani akaendelea kupita kati ya meza, uso ukimwaka.

"Mama Huruma kafika," alisema Desideria Mhongole wa safu ya sita, kwa sauti ya kufika madirishani. "Ficheni mikono jamani, asije akatuhurumia tena."

Wakacheka, kicheko kibaya cha puani. Yusta alikuwa ametumia miaka sita kutafuta namna ya kuwaondolea watu hawa maumivu, na sasa alijiona ameonewa kabisa. Mtu anayejiona ameonewa hatazami anapokanyaga. Alikanyaga maji yaliyomwagika chini ya meza, akateleza, akashika bega la mwanamke mmoja asianguke. Yule mwanamke akalipangusa bega lake kwa leso, polepole, kusudi aonekane.

Chini ya kila meza palikuwa na beseni la maji ya moto yenye chumvi. Kila saa kengele ililia, wachapaji wakaacha kazi, wakatumbukiza mikono kwa dakika kumi na mbili. Waliiita kengele ya maji. Miaka kumi na tisa iliyopita waligoma wiki saba kuipata.

Jumba la Viapo, palipochapwa ushahidi wa mahakama, lisingeweza kufanya kazi siku moja bila mikono ile. Tangu mashine zilipojifunza kuiga sauti na sura ya mtu yeyote, hata za marehemu, hapakuwa tena na mahakama nchini iliyokubali kusikia wala kutazama ushahidi. Ushahidi uliokubaliwa ulikuwa ule uliochapwa kwa mkono. Uzito wa kila kidole juu ya kibonye, na ile subira ndogo kati ya herufi moja na nyingine, mashine zilikuwa hazijaweza kuviiga. Uzito huo na subira hiyo ndivyo vilivyoitwa alama ya mtu. Mwenye alama aliweza kuuza shamba, kushtaki, kuoa, kukana. Aliyefutiwa alama alikuwa kama hayupo, mpaka apatikane ndugu wa kuchapa kwa niaba yake.

Na maumivu huibadilisha alama. Kidole kinachouma hakigongi kama jana. Mchapaji aliyeshindwa kipimo mara tatu alifutwa, na shangazi yake Yusta, Venansia Kibiki, mwanamke aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, alikuwa ameshindwa mara mbili. Kipimo chake cha tatu kilikuwa leo, saa nane mchana.

*

"Karibu, mhandisi wetu," alisema Kastori Mgaya, meneja wa Jumba. Yeye peke yake ndiye aliyemchangamkia Yusta asubuhi ile, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. "Mkaguzi kutoka Dodoma anafika saa nne. Utachapa hati ya ithibati mbele yake, kwa alama yako. Neno moja tu, tumalize."

Hati ilikuwa mezani. Ilikuwa na mstari mmoja wenye nafasi: *Chombo hiki*, kisha pengo. Sheria iliruhusu neno moja tu pale, kati ya mawili. *Kinaumiza*, au *hakiumizi*.

"Nilisikia ukumbini kwamba mnataka kuondoa kengele," Yusta alisema.

"Hatuondoi chochote. Itaondoka yenyewe." Mgaya alifungua makubaliano ya ule mgomo, akasoma kwa raha kama anayesoma barua ya mapenzi. "*Kila atumiaye chombo kinachoumiza atapewa dakika kumi na mbili za kupumzisha mikono, kila saa.* Kinachoumiza, mhandisi. Wewe umetuletea kisichoumiza. Maji ya nini tena?"

"Sikuitengeneza kwa ajili hiyo."

"Uliitengeneza iwafae. Inawafaa! Safu ya sita wamechapa siku tatu mfululizo bila kengele hata moja. Malalamiko hakuna. Mwendo umepanda."

"Bila kengele?" Yusta alisimama. "Nani aliwaruhusu?"

Mgaya alimtazama kwa upole wa mtu mwenye karatasi. "Wewe. *Majaribio ya ziada, safu ya sita.* Ulisaini Jumatatu."

Alikuwa amesaini kweli. Alisaini karatasi nyingi Jumatatu ile, akiwa na haraka, na hakuuliza ziada hiyo ni ya nini. Tena Jumanne alipita kwenye safu hiyo akaona mabeseni yamefunikwa kifudifudi, makavu. Alijiambia labda yanasafishwa. Alijiambia hivyo upesi sana.

"Na kama sitachapa unalotaka?"

"Basi kibodi zako zote sitini zinafungwa lakiri leo hii, na watu wanaendelea na kibodi bapa za babu zao." Mgaya alifunika jalada. "Shangazi yako anapimwa saa nane. Kibodi yako ikithibitishwa saa nne, atapimwa juu yake. Wiki sita zilizopita alichapa juu yake, alama ikatoka safi kama ya msichana, uliona mwenyewe. Isipothibitishwa, atapimwa kwenye bapa. Sikutishi, mwanangu. Nakusomea ratiba."

*

Yusta alikwenda safu ya sita na kipimapembe chake mfukoni, akamwomba Desideria ampe mkono.

"Nikupe mkono? Uupeleke wapi?"

"Nataka kuupima tu, dada."

"Mimi si dada yako. Dada zako wako ofisini kwa Mgaya wanakunywa chai." Lakini aliutoa, akaupiga juu ya meza kama mtu anayetupa samaki aliyechina.

Kibodi aliyoibuni Yusta haikulala. Ilikuwa vipande viwili, kimoja cha kila mkono, vimesimama na kuegemeana kama mapaa ya nyumba. Mtu akisimama na kuiacha mikono ining'inie, viganja havitazami chini, vinatazama mapaja. Gumba linakaa mbele. Vidole vinajikunja vyenyewe, cha shahada kidogo, kinachofuata zaidi, mpaka kile cha mwisho ambacho hujikunja kuliko vyote. Hakuna msuli unaovuta, hakuna mshipa uliopinda. Kibodi bapa ilikuwa inawalazimisha watu kuligeuza kono zima na kulilaza chini kutwa, viwiko vimebanwa, viganja vimepindishwa nje. Yusta aliuliza swali ambalo wabunifu wenye kiburi walikuwa wameliruka: je, badala ya mkono kuifuata kibodi, kibodi ikiufuata mkono ulipolegea? Akaweka kila kibonye mahali kidole kinapoangukia chenyewe. Aliwapima wachapaji wote mia tatu na arobaini, mmoja mmoja, kwa kalibu ya plasta laini, na kibodi zake sitini za kwanza zilikuwa na mashimo ya mikono hiyo hasa.

Sasa akaushika mkono wa Desideria, akamwambia aulegeze.

"Nimelegeza."

"Bado umekaza."

"Nimekwambia nimelegeza! Hivi ndivyo unavyolegea siku hizi."

Yusta alipima mara tatu. Vidole vilikuwa vimejikunja karibu mara mbili ya vilivyokuwa kwenye kalibu. Kiganja kilikuwa kimenyanyuka. Gumba, ambalo kwenye kibodi lilipewa vibonye vitano kwa sababu ndilo kidole chenye nguvu, lilikuwa limerudi nyuma likajibanza, na shina lake limevimba na kung'aa. Alipoligusa, Desideria alitoa sauti ndogo, kisha akamtukana kwa Kihehe, tusi refu lenye wazazi ndani yake.

"Kwa nini hamkulalamika?" Yusta aliuliza.

"Kwa nani? Mchapaji akilishtaki Jumba, alama yake inazuiwa hadi kesi iishe. Ya mwenzetu Kolumba imezuiwa mwaka wa nne huu. Hata kumzika mumewe alichapiwa na shemeji." Desideria aliuvuta mkono wake. "Na karatasi ilikuwa na jina lako. Tulidhani wewe ndiwe unayetaka."

Mara kengele ya maji ikalia kwa safu nyingine zote. Mabeseni yakavutwa. Safu ya sita peke yake ikaendelea kugonga.

Shangazi Venansia alikaa safu ya kwanza, karibu na dirisha, amevaa sweta mbili. Mikono yake ilikuwa tayari majini. Hakugeuka Yusta alipochuchumaa pembeni yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuniaga au kunipima?"

"Shangazi, kuna kitu hakiendi. Vipimo vya Desideria vimebadilika vyote. Nilipima vizuri. Nilipima watu wote."

"Ulipima lini?"

"Mwaka juzi, miezi yote ile, ulikuwepo."

"Nakuuliza saa. Ulikuwa unakuja saa ngapi?"

Yusta alikuwa akija wakati wa kengele. Angekuja wakati gani mwingine? Wakichapa hawakuruhusiwa kusimama. Alikuwa akisubiri dakika ya kumi, mikono ikiwa imelainika kwenye maji ya moto, ndipo anaishika na kuitia kwenye plasta. Ilikuwa inakaa vizuri sana wakati huo. Alikuwa ameandika hivyo kwenye daftari lake, kwa furaha.

"Unaona sasa," shangazi alisema. "Ulitukuta tumepumzika ukadhani tumezaliwa hivyo. Huo mkono uliouchonga kwenye kibodi yako si wa Mungu, Yusta. Ni wetu. Tuliugomea wiki saba. Mama yake Desideria alijifungulia pale mlangoni kwa sababu askari hawakutaka kutupisha. Ukiondoa beseni, mkono huo haupo tena, na kibodi yako inabaki inamsubiri mtu ambaye hatakuja."

"Ikiwa na kengele, hakuna anayeumia."

"Hakuna. Ni nzuri sana. Niliichapia wiki sita zilizopita nikarudi nyumbani nikafua." Alisema hivyo kwa hasira, kana kwamba sifa hiyo alinyang'anywa. "Ndiyo maana nakuchukia leo. Ungeleta takataka, tungeitupa tukasahau."

Yusta alishika ukingo wa beseni. "Nikichapa kwamba haiumizi, saa nane unapita. Nisipochapa..."

"Najua saa nane ni lini."

"Sitaki ufutwe, shangazi."

"Usinifanye mimi kisingizio!" Wachapaji wa karibu waligeuka. Venansia alishusha sauti, na iliposhuka ilikuwa mbaya zaidi. "Ukichapa uongo wa Mgaya nitakula kwako kwa aibu. Ukichapa ukweli nitakula kwako kwa hasira. Kwa vyovyote vile nitakula kwako na wewe utanitazama. Sasa ondoka, umenimalizia dakika zangu."

*

Mkaguzi aliitwa Bi Mwatumu Sefu, mama mfupi mwenye miwani, aliyekuwa amesafiri tangu alfajiri na aliyetaka kurudi Dodoma siku hiyo hiyo. Walikaa watatu ofisini kwa Mgaya. Yusta alifungua sanduku, akavitoa vile vipande viwili, akaviweka juu ya meza.

"Ni nzuri kutazama," alisema Bi Mwatumu. "Chapa."

"Mama, naomba niongeze maneno. Haiumizi, iwapo mtumiaji anapumzika dakika kumi na mbili kila saa."

"Pengo hilo lina nafasi ya neno moja."

"Lakini ndiyo kweli yenyewe. Neno moja litakuwa uongo, lolote nitakalochagua."

"Binti, mimi sikuitunga sheria, niliikuta." Bi Mwatumu alitazama saa yake. "Chombo kitaingia kwenye kumbi ishirini na mbili nchini kwa neno hilo. Huko sijui kama wana kengele. Wengine hawana hata maji. Chapa unalolijua."

Kumbi ishirini na mbili. Mgaya hakuwa ameitaja hesabu hiyo. Yusta alimtazama, naye akaitazama kalenda ukutani.

Aliingiza mikono kwenye kibodi yake. Ilimpokea. Mashimo ya majaribio yalikuwa ya mikono yake mwenyewe, na kila kibonye kilikuwa pale kidole kilipotaka kuwa. Aliipenda kazi ile. Alikuwa hajawahi kupenda kitu hivyo, na ilimuuma kujua kwamba ndani ya nusu dakika itakuwa imekwisha. Alimfikiria shangazi yake akiwa hana ruhusa ya kusema lolote mbele ya serikali mpaka afe. Kisha akachapa *kinaumiza*, upesi, na alama yake ikasomeka bila kasoro.

Mgaya hakupiga kelele. Aliikunja leso yake mara nne. "Umewafanyia nini sasa?" aliuliza. "Hebu niambie, umewafanyia nini? Walikuwa na kitu kizuri. Leo hii wanarudi kwenye bapa, wote. Nenda kawaeleze."

Hakukuwa na haja ya kuwaeleza. Kabla ya saa sita vijana wa stoo walipita na mkokoteni, wakazikusanya kibodi zote sitini, wakazitia lakiri nyekundu. Kengele ya maji ililia kwa safu zote, na safu ya sita ikayavuta mabeseni yake. Kama Yusta alitegemea mtu amshukuru, alijidanganya. Wanawake walitia mikono majini, wakafumba macho. Mmoja wa safu ya tatu, ambaye alikuwa amelala usiku mzima bila maumivu kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alikuwa analia. Yusta alipopita karibu naye, mwanamke huyo alimwambia, "Ungetuachia hata moja, mshenzi wewe."

*

Saa nane kamili Shangazi Venansia aliketi mbele ya kibodi bapa kwenye meza ya vipimo, katikati ya ukumbi. Kipimo kilikuwa kurasa mbili. Alichapa akiwa amenyooka, shingo juu, na mpaka katikati ya ukurasa wa pili Yusta aliamini kwamba atapita kwa ubishi peke yake. Kisha kidole cha pete cha mkono wa kulia kikakataa. Yusta alimwona akikiamuru. Kilitetemeka hewani, kikashuka pembeni.

Karani alisubiri mashine. Mashine ikasema haimtambui.

"Venansia Kibiki," karani alisoma, bila kumtazama, "alama yako imefutwa. Sheria inakutaka utaje mkono wa badala sasa hivi, mbele ya mashahidi. Nani atakuchapia?"

Venansia alizungusha macho taratibu, akaipita safu ya kwanza, akaipita ya sita, mpaka akamfikia aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Yule," alisema. "Ameniponza, atanibeba."

Yusta alikuja akakaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la shangazi yake. Karani alimwapisha: asiongeze neno, asipunguze, asisite, kwa kuwa kusita kutasomeka. Ilikuwa desturi aliyefutwa aseme neno la kwanza, ili kuujaribu mkono mpya. Wengi huaga tu. Husema wamefanya kazi miaka mingapi na kuwashukuru wenzao.

"Andika," Venansia alisema. "Mimi Venansia Kibiki nalishtaki Jumba la Viapo."

Mgaya, aliyekuwa kando ya nguzo, alipiga hatua mbele. "Mama, huwezi. Alama yako itazui..." Akakoma. Hapakuwa na alama ya kuzuia tena. Kwa miaka kumi na tisa wachapaji wote walikuwa na kitu kimoja cha kunyang'anywa, na huyu amekwisha kunyang'anywa.

"Andika. Siku tatu, safu ya sita, wanawake kumi na saba walinyimwa kengele yao kinyume cha makubaliano. Wa kwanza ninayemshtaki ni Kastori Mgaya, meneja."

Yusta alichapa. Viganja vyake vilipinda juu ya kibodi bapa, na maumivu yakaanza kifundoni, mahali pale pale ambapo alikuwa akiyachora kwenye michoro yake. Wachapaji walikuwa wamesimama. Desideria alikuwa amepanda juu ya kiti.

"Wa pili," Venansia alisema, "ni Yusta Kibiki, mhandisi. Ni mwanangu wa kulea. Alitia saini jaribio hilo bila kuwauliza wenye mikono. Jumanne alipita akaona mabeseni makavu, akaendelea na safari yake. Nilikuwa namtazama."

Yusta alichapa hadi hapo. Shangazi yake alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumsikia akipumua.

"Alijua," alisema Venansia.

Vidole vya Yusta vilikuwa juu ya vibonye. Alitaka kugeuka amwambie kwamba hakujua, kwamba alihisi tu, kwamba kuna tofauti. Karani aliitazama mashine, akaona kusita kunaanza kujiandika.

"Nimesema alijua. Andika."

Akaandika.